Gitare Inaanzia Shingoni

Kyeshero, Jumamosi jioni

Mwanangu Nsimire,

Tangazo kwa wote wenye kukaa katika hii nyumba, wakubwa kwa wadogo, pamoja na kuku wetu wawili na yule paka wa jirani anayejifanya wa kwetu: leo, baada ya kufikiri sana na kusikiliza pande zote, muzee wa nyumba amekata kucha za mukono wa kushoto. Za kulia ameziacha kama zilivyo. Mwenye ulizo anyanyue mukono. Hakuna? Basi tangazo limepita, na mama yako anaweza kuacha kuniangalia kama mutu aliyenyolewa nusu kichwa.

Wewe unajua maana yake. Mupigaji wa gitare hukata kucha za mukono unaobonyeza kamba, anaziacha za ule unaozichokoa. Maana yake baba yako, ambaye hajashika gitare sawasawa tangu magoti yake yalipoanza kutabiri mvua, leo ameshika. Na sasa anaandika barua kwa mutu aliye upande wa pili wa ukuta, anayefunga sanduku kwa kulikalia. Nakusikia. Hiyo zipu haitakubali, lakini endelea, usinijali.

Kesho asubuhi utapanda mashua ya Bukavu, utakaa kwa shangazi yako, utaanza masomo ya iniversite. Maji ya kuchemsha, chandarua, simu ya kila jioni, yote mama yako amekwisha kusema, na mengine ameyasema mara mbili akidhani ni mapya. Sitayarudilia. Yeye anaogopa malaria na njaa. Mimi naogopa kitu kimoja tu, na nitakisema wazi usihangaike kukitafuta: naogopa kwamba huko utasema "ni muzuri" juu ya kitu kinachokuumiza.

Umelelewa vizuri mno, hilo ndilo tatizo. Ukipewa kiatu kinachobana unasema aksanti, halafu unachechemea mpaka kiatu kinazeeka. Hiyo tabia uliitoa wapi? Usimuulize mama yako. Yeye kiatu kikimubana anakirudisha dukani na muuzaji anamwomba radhi. Uliitoa kwangu. Ngoja nikueleze jinsi mimi nilivyochechemea kwa mukono, muda murefu kuliko ningependa kukuambia, kwa sababu ya shingo ya gitare.

Nilikuwa kijana, tunakaa Murara, na nilikuwa mupigaji wa korali ya shirika letu, wale Wakatoliki wa mitaa michache wanaosali pamoja. Gitare tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kuazima, na mwenyewe akahama nayo. Korali ikachanga, ikaweka komite ya kununua ingine. Watu wetu unawajua: hata wakitaka kununua chumvi wanaweka komite, komite inaweka prezida, na prezida anatafuta mutu wa kumusaidia kuwa prezida. Katika ile komite hakuna hata mumoja aliyejua kupiga gitare. Mimi niliitwa kama mutaalamu.

Tukaenda Birere, sokoni. Muuzaji alikuwa na gitare kadhaa zimetundikwa kwenye ukuta, na moja ilikuwa ya bluu. Mama Bahati, prezida wetu, alikuwa amekuja na kipande cha kitenge cha sare yetu ndani ya mukoba. Akakitoa, akakilaza juu ya gitare. Bluu juu ya bluu.

"Yezu Maria! Ziko mapacha!"

"Mama," akasema muuzaji, mutu mwenye akili, "hii ata kamba zake zinajua Misa."

Papa Deo, muweka feza wetu, akaigonga tumbo kwa kidole, kama mutu anayechagua tikiti maji. "Iko na sauti," akasema. Mwingine akainamisha pua akainusa. Mpaka leo sijui alikuwa anatafuta nini ndani. Kisha Mama Bahati akakumbuka kwamba niko.

"Na weye mupigaji, unasemaye?"

Nilikuwa nimeishika kwa shingo, vile mutu anavyomubeba jogoo akienda sokoni. Ndani ya kiganja nilisikia kitu kinene, cha mviringo, chenye mugongo mukali katikati, kama mupini wa jembe uliochongwa na mutu mwenye hasira. Mukono wangu ulisema hapana. Nilisikia vizuri kabisa. Lakini komite nzima ilikuwa inaniangalia na meno nje, kitenge bado kiko juu ya gitare, na muuzaji amekwisha kusimama. Kiti kilikuwa pale. Ningekaa, ningepiga wimbo mumoja. Niliona haya kupiga mbele ya watu wa Birere, eti wataniona najisifu.

Nikasema, "Ni muzuri."

Sasa, mikono yangu unaijua. Kiganja kifupi, na kidole gumba kimeishia njiani kama sentensi ya mutu aliyesahau alichotaka kusema. Wewe una vidole virefu vya upande wa mama yako, shukuru Mungu. Ili kupiga fa, ile ya nne katika do-re-mi, lazima ulaze kidole cha kwanza juu ya kamba zote na ukaze, na nguvu ya kukaza inatoka kwa gumba, nyuma ya shingo. Juu ya shingo ile gumba langu halikufika mahali pake. Kidole cha kwanza kilikuwa kinafika katikati ya kamba kinaomba kupumzika. Nyimbo za fa zikatoka kama mutu anayekohoa ndani ya debe.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mutu wa kawaida angesema: jamani, hii gitare hainifai. Mimi nilichukua nyimbo zote zilizokuwa katika fa nikazipandisha mpaka sol, ambako vidole vinapumua. Zimepanda kidogo tu, utasema. Muulize mutu wa soprano kama ni kidogo tu. Wanawake wakaanza kuimba wakiwa wamesimama kwa vidole vya miguu. Watenori mishipa ikawatoka shingoni. Wazee wa shirika wakasema vijana wa siku hizi wanapenda makelele. Komite ikakutana juu ya lile jambo, ikafikia uamuzi: ikanunua tangawizi. Kila repetisyo, yale mazoezi yetu ya kuimba, korali nzima ilikuwa inatafuna tangawizi, kwa sababu ya gumba langu, na mimi natafuna pamoja nao, uso mukavu, kama mutu asiyehusika.

Siku moja, baada ya repetisyo, musichana mumoja wa soprano, mwembamba, mwenye macho yasiyoomba ruhusa, akanifuata mpaka nje.

"Weye wa gitare. Juu ya nini nyimbo zote zinaimbiwa kule juu ya mulima Nyiragongo?"

"Dada, labda ni Roho anatupandisha."

"Roho gani? Leta mukono."

"Mukono gani?"

"Ule unaouficha ndani ya mufuko."

Akaushika, akaugeuza kama mutu anayetazama samaki wa soko kama amelala tangu jana. Pale kwenye nyama, chini ya gumba, palikuwa pamevimba.

"Na hawa wote wanakula tangawizi," akasema. "Weye uko muongo wa upole."

Ndivyo nilivyojuana na mama yako. Kwa hiyo ile gitare siwezi kuilaani kabisa. Bila shingo yake wewe ungekuwa mutoto wa watu wengine, labda mwenye kufunga sanduku mapema.

Mama yako alitaka niseme siku ileile. Mimi nikasema nitasema. Nikasema nitasema mpaka siku korali yetu ilipoalikwa kwa sikukuu ya parokia nyingine. Huko kulikuwa na mupigaji anaitwa Kasereka, mutu wa Butembo, mufanyabiashara wa vitunguu, na mikono yake ilikuwa kama mikate miwili. Gitare yake ilikuwa ya rangi ya udongo, imekwaruzwa, na kwenye ubavu ilikuwa imezibwa kwa kipande cha mukebe wa maziwa. Wakati watu wanakula, akaja kwangu.

"Papa, hiyo ya bluu inanivuta. Nijaribu kidogo. Shika yangu, lakini usiicheke, iko na haya."

Nsimire, sijui nikuelezeje. Shingo yake ilikuwa nyembamba, nyuma imelala kidogo, haina mugongo. Haikuwa na ile verni ya kupaka, inayong'aa dukani na kunata ukianza kutoka jasho. Mikono ya watu ilikuwa imeisugua mpaka ikawa kavu na laini, kama mupini wa kisu cha zamani cha jikoni. Kiganja kilijifunga chenyewe, vile unavyofunga mukono juu ya mukono wa mutoto mukivuka barabara. Nikajaribu fa. Ikatoka. Kweli niligeuka nyuma kuona ni nani amepiga.

Na Kasereka? Kasereka alikuwa amefumba macho na ile bluu juu ya tumbo.

"Hii njo shingo," akasema. "Ile yangu inapotelea mu mukono. Siku zote niko nashika hewa. Hii mukono unajaa."

"Mimi hiyo inaniua," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema kwa sauti, na nilimwambia mugeni.

"Sasa uliinunua juu ya nini?"

"Ni komite."

"Komite njo inapiga?" Akacheka mpaka tonge la bukari, ugali wetu, likamupalia. "Sikia, ndugu. Miye nanunua vitunguu. Rangi inadanganya, ukubwa unadanganya. Naminya shingo. Kama iko nene na laini, kile kitunguu kitaoza mbele ya kufika Goma. Kitunguu, kitu cha mboga, nakishika shingo. Weye gitare utaishika kila siku, na uliinunua na macho?"

Nilikuwa siku zote nafikiri kwamba ile bluu ni gitare mbaya na mimi ni mupigaji mbaya, na kwamba mabaya mawili yamekutana. Kumbe haikuwa hivyo. Kwa mukono wa Kasereka ilikuwa inalia kama mutoto aliyemupata mama yake. Shingo nene haikuwa kosa, na gumba fupi halikuwa dhambi. Mwenye nayo na mwenye kuihitaji walikuwa hawajaonana tu.

Kubadilishana hakukuwa rahisi. Gitare ilikuwa ya korali. Komite ikakaa, ikakataa: rangi ya udongo haiendi na sare. Ndipo mama yako, ambaye hakuwa mutu wa komite wala hakuitwa, akasimama nyuma ya chumba.

"Sisi soprano tunakubali rangi yoyote. Mukikataa, siku ya Mungu, mu Misa, tutaimba midomo imefungwa. Na tangawizi mutakula nyinyi."

Ikapita. Mama Bahati alinuna, lakini ni mutu wa heshima: alishona mufuko wa kitenge cha sare, ile gitare ya udongo ikawa inaingia kanisani imevaa. Watu wa korali walipoimba tena katika fa, mutenori mumoja alilia. Baadaye waliponunua kinanda waliniachia mimi ile gitare. Ni hiyo iliyotundikwa sebuleni, uliyojifunzia.

Tangu hapo nilijiona mwalimu wa shingo za gitare. Vijana wa mutaa walikuwa wananiita kwenda kununua nao, na ninakiri kwamba nilipenda kuitwa. Nilikuwa nawaambia yale ambayo hata wewe umeyasikia mezani mpaka umechoka. Kwamba muuzaji asikupigie. Wauzaji wanapiga vizuri sana, ndiyo kazi yao, na ukisikia utanunua vidole vyake, halafu utafika nyumbani utakuta amebaki navyo. Kwamba ukae vile unavyokaa kwako, siyo kama unapigwa picha, na uupe mukono wimbo unaoujua vibaya, kwa sababu wimbo unaoujua vizuri utasamehe kila kitu. Kuna shingo ya mviringo inayojaza kiganja, inamufaa mutu ambaye gumba lake linapenda kuchungulia juu. Kuna pana na bapa, ya mutu anayeweka gumba nyuma kabisa na kutembeza vidole kimoja kimoja. Ukiziona zimetundikwa utasema ni mamoja. Macho hayajui lolote juu ya hili.

Na ukae nayo muda murefu, mpaka muuzaji aanze kukohoa. Shingo mbaya haikuumizi mara moja. Mwanzo inakuomba kitu kidogo tu, kiwiko kitoke nje kidogo, kifundo cha mukono kipindike kidogo. Unakubali, maana ni kidogo. Baada ya miezi unakuta umekaa upande, unachagua nyimbo fupi, na kila mutu pamoja na wewe mwenyewe anaamini kwamba basi, wewe ni mutu wa nyimbo fupi.

Watu watakuambia gitare ni sauti. Ni kweli kwa yule anayesikiliza. Lakini gitare yenye sauti ya malaika na shingo ya adui utaipiga juma moja, kisha utaitundika, na iliyotundikwa haina sauti yoyote. Ile ya sauti ya kawaida inayokubali mukono wako utaichukua kila siku bila kujua umeichukua. Siku moja watu watauliza ilinunuliwa wapi, ina sauti nzuri hivi.

Sisemi juu ya wanaume hapa, nasema juu ya gitare. Kama umesikia kitu kingine, ni masikio yako.

Haya yote ninayajua, Nsimire. Ninayajua kama Baba Yetu. Ndiyo maana leo muchana, tulipokwenda Birere wewe na mimi kununua gitare ya kukusindikiza, nilikwenda kifua mbele. Na ndiyo maana mezani jioni nilimusimulia mama yako vile nilivyomusimulia: kwamba nilizikagua zote, nikaziminya shingo moja moja, nikatoa moja nyuma kabisa na kukuambia, "Mutoto, chukua hii." Mama yako akafurahi, akaniongezea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Wewe ulitabasamu ndani ya sahani. Nilizila zile sambaza. Lakini hapa kwenye karatasi hakuna sambaza, basi niandike ilivyokuwa.

Nilichagua ile ya rangi ya asali. Niliikamata tu na mukono ukaimba: nyembamba, imelala nyuma, kavu, sawa na yangu. Sikuangalia ingine. Nilipatana na muuzaji kabla hujaigusa. Kisha, kwa kutimiza desturi, nikakuwekea mapajani nikauliza unasemaye, na huku natikisa kichwa kukuonyesha jibu.

Ulipiga kidogo. Nikauona mudomo wako unaanza kutengeneza lile neno. Naujua ule mudomo, ni wangu. Halafu ukaufunga. Ukaangalia mukono wako, siyo mimi.

"Papa, hapana."

Ulisema kwa sauti ndogo mpaka muuzaji akadhani unamuomba maji.

"Hapana nini? Iko na shingo muzuri hii."

"Iko muzuri kwako. Kwangu vidole vinagongana humu ndani. Mukono hauna mahali pa kupumzika."

"Mademoiselle," akaingia muuzaji, "papa yako ni mutu anajua."

"Papa anajua mukono wake," ukasema, kwa adabu yote, na mutu aliyekuja kununua betri akacheka.

Kisha ukaniangalia, na ukasema lile ambalo sikulisimulia mezani, na kuwe na sambaza au hapana singelisimulia. "Na ile ya nyumbani pia, Papa. Tangu mwanzo."

Tangu mwanzo. Na mimi, mwalimu wa shingo, nilikuwa nakaa kwenye kiti changu kila jioni nakusikia unakwama mahali palepale, nasema kwa moyo: mutoto ana masikio mazuri, lakini vidole ni vya polepole, si kitu, hata polepole ni zawadi. Nilikuuliza mara ngapi kama unaipenda? Kila mara ulisema ni muzuri, na kila mara nilifurahi, na sikuangalia mukono wako hata siku moja.

Nilikasirika, niandike na hilo. Kidogo, vile mutu anavyokasirika akikatwa neno kanisani. Wewe hukungoja hasira ipite. Ulisimama, ukaenda mwenyewe mpaka ukutani, ukashusha moja, ukaisikiliza kwa kiganja, ukairudisha. Ukashusha ingine. Ukafika kwa ile nyeusi yenye shingo pana, nene, ambayo mimi singeigusa hata kwa kulipwa, ukakaa nayo. Ukapiga ule wimbo unaokwamaga kila jioni, ukapita pale mahali bila kusimama, ukaendelea mbele, kwenye sehemu ambayo sikujua kwamba unaijua. Muuzaji alikohoa. Ukaendelea.

Njiani sikusema kitu, na najua ulidhani bado nimekasirika, kwa sababu uliniuliza mara mbili kama nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimefurahi kiasi cha kuogopa kufungua kinywa, watu wa Birere wasije wakaona muzee muzima analia katikati ya barabara kwa sababu mutoto wake amemukatalia gitare.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mimi sikuchagua kitu leo. Hiyo nyeusi tuliyorudi nayo umeichagua wewe, na ulisema hapana mbele ya watu, na wa kwanza kuambiwa alikuwa baba yako. Ile ya sebuleni imerudi kwa mukono wangu, ndiyo maana ya zile kucha. Mama yako nitamueleza kesho tukirudi kutoka bandarini, na nitakubali atakachosema.

Ni mimi, baba yako